Albamu ya roki nzito Dar es Salaam: jinsi ya kuifikisha sokoni ikiwa hai

Bendi nyingi za roki nzito hapa mjini hufia katikati ya albamu. Nyimbo zipo, wapigaji wapo, mashati meusi yapo, ila mpiga dramu kapata kazi Dodoma, hela ya studio imeliwa na nauli za mazoezi, na faili za nyimbo ziko kwenye kompyuta ya mtu asiyepokea simu. Mwongozo huu ni kwa bendi ya watu watatu hadi watano, yenye nyimbo zake yenyewe na isiyo na mfadhili.

Niseme msimamo wangu mapema. Wasikilizaji wa muziki huu Dar ni wachache na wengi wao mnafahamiana kwa sura. Redio haitawapigia wimbo wa dakika sita wenye mtu anayenguruma, na hilo si kosa la redio. Kwa hiyo kila shilingi na kila uamuzi uelekezwe kwa hao wachache wa Dar na kwa wenzao walio nje wanaosaka metali, yaani roki hii nzito, ya Afrika. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hesabu hiyo.

1. Punguza nyimbo, kisha zipigeni hadi zichoshe

Nyimbo saba au nane zinatosha. Albamu ya dakika 35 hadi 40 inasikilizwa yote. Ya dakika 70 inaachwa kwenye wimbo wa tano, na bado mmeilipia studio yote.

Msiingie studio na wimbo ambao haujapigwa mbele ya watu angalau mara chache. Black Sabbath walirekodi albamu yao ya kwanza kwa takriban siku moja, Oktoba 1969, jijini London, nayo ikatoka Februari 1970. Waliweza kwa sababu nyimbo walikuwa wameshazipiga jukwaani usiku hadi usiku. Kwenu ninyi mnaolipa studio kwa saa, hiyo ndiyo bajeti yenyewe. Kila saa ya kubishana "hapa tunaingia mara ngapi?" ifanyikie kwenye chumba cha mazoezi, ambako gharama ni umeme wa LUKU na maji ya kunywa.

Pigeni na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kuanzia mwanzo, si wiki ya mwisho. Mpiga dramu atalalamika. Mwacheni alalamike akiwa anapiga.

2. Maneno: tumieni mizani tuliyorithi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo bendi za Kiswahili zina mali ambayo haziitumii. Wengi huandika maneno kwa Kiingereza wakiamini Kiswahili ni laini mno kwa roki. Jaribuni kwanza hivi.

Shairi letu la kawaida lina mizani, yaani silabi, nane kwa nane. Rifu ya kawaida ya roki (kile kipande cha gitaa kinachorudiwa), ukiihesabu moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na, ina mapigo manne na nusu zake nne, yaani nafasi nane. Vinalingana bila kulazimishwa. Chukua mstari huu:

*Bandari haina ndoto, winchi zimelala wima.*

Kila kipande ni mizani nane. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika kila kipande mkazo wa mwisho uko kwenye mizani ya saba: *ndo*, kisha *wi*. Mizani ya saba ndiyo pigo la nne, na pigo la nne ndipo snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inapopigwa. Mwimbaji na mpiga dramu wanagonga mahali pamoja, kisha silabi ya mwisho inabaki hewani, irabu tupu, na koo linaweza kuivuta linavyotaka.

Sasa dramu ikishuka kwenye mwendo wa nusu, ule mzito wa kuburuza, snea huhamia pigo la tatu, yaani mizani ya tano. Mstari wangu bado unashika, kwa sababu *haina* na *zimelala* yote yanaishia mizani ya sita na mkazo wake umekaa kwenye ya tano. Hiyo ndiyo kanuni ya kuandikia: neno la katikati liishie mizani ya sita, na la mwisho lifunge ya nane. Ukiweza hivyo, ubeti mmoja utabeba mwendo wa kasi na mwendo wa nusu bila kubadilisha neno.

Kuhusu kunguruma: irabu *a* na *o* hufungua koo, *i* hulibana. Kiitikio ambacho mwimbaji atakipiga kwa sauti ya juu kabisa kisijazwe *i* mwishoni. Na asijifunze kunguruma kwa kukwaruza koo. Nguvu itoke tumboni, na akisikia maumivu aache siku hiyo.

3. Andikeni nani ni nani

Kabla ya kurekodi, karatasi moja, sahihi za wote. Iseme nani kaandika maneno, nani katunga rifu, mgawanyo wa mapato ni upi, na mtu akiondoka jina la bendi linabaki kwa nani. Kwa bendi changa napendekeza mgawanyo sawa kwa wote. Mnagawana kiasi kidogo. Ugomvi wake utakuwa mkubwa kuliko chenyewe.

Karatasi ya pili ni ya studio. Iseme kwamba rekodi ni mali ya bendi, na kwamba mtapewa faili zote za kila chombo, si wimbo uliokwisha kuchanganywa tu. Studio nyingi za Dar zimezoea mtindo wa Bongo Fleva, ambapo mtayarishaji ndiye mwenye biti. Hapa hakuna biti ya mtu. Bora mkaelewana hilo kabla ya kutoa malipo ya awali.

4. Vyombo na hewa ya pwani

Unyevu wa Dar hula nyuzi. Gitaa lililokaa Kigamboni au Msasani bila kufutwa huota kutu haraka, na uzi wenye kutu hauna sauti kali wala haushiki tyuni. Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila mnapomaliza, na fungeni seti mpya siku moja kabla ya kurekodi ili zipate muda wa kunyooka.

Mkishusha tyuni, nyuzi za kawaida za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) zitalegea na kuyumba. Chukueni nene zaidi, kama 12 hadi 60. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alishusha tyuni ya gitaa lake mwaka 1971 akapata uzito ambao wengi bado wanaufuata, ila yeye alikuwa na sababu ya mwilini: ncha za vidole viwili zilikatwa na mashine kiwandani, na nyuzi zilizolegea zilimuumiza kidogo. Wewe mwenye vidole kamili usilegeze nyuzi, zinenepeshe.

Baada ya kubadilisha unene, kagua urefu wa kila uzi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, sikia noti. Kisha ubonyeze palepale, upige tena. Noti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza kitako cha uzi kule kwenye daraja kirudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Bisibisi ndogo na programu ya tyuni ya simu vinatosha. Bendi isiyofanya hivi husikika kama imelewa kila inapopanda juu ya shingo la gitaa, na hakuna fundi mitambo wa kuirekebisha baadaye.

5. Kurekodi

Dramu ndiyo kikwazo. Studio nyingi zina kijichumba cha sauti ambacho dramu nzima haiingii. Msikubali kirahisi dramu za kompyuta, tafuteni ukumbi. Makanisa mengi ya mjini yana seti nzuri za dramu na dari refu, na wapigaji wengi wazuri wa hapa wamekulia kwenye kwaya na timu za sifa. Mwenye ufunguo mkiongea naye kwa heshima, mkaeleza mnachofanya bila kuficha na kuchangia kitu, siku ya Jumanne asubuhi inaweza kupatikana. Mkikosa, ukumbi wa shule wakati wa likizo. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti kutoka wala kuingia, msipoteze muda nazo. Magodoro yaliyosimamishwa nyuma na pembeni ya mpiga dramu yanasaidia kweli kupunguza mwangwi.

Maikrofoni nne zinatosha: moja kwenye besi ya mguu, moja kwenye snea, mbili juu. Hizo mbili za juu ndizo picha nzima ya dramu, kwa hiyo zipimeni. Chukua kamba, shika ncha moja katikati ya snea, nyoosha hadi maikrofoni ya kwanza, funga fundo. Kwa kamba hiyohiyo pima hadi ya pili. Umbali usipolingana, sauti ya snea inafika kwa nyakati mbili tofauti na inakonda. Kazi ya dakika tano, na ndiyo inayotofautisha snea inayopasuka na ile inayogonga kama ndoo.

Umeme: ukisikia mvumo mzito chini ya gitaa, huenda jengo halina athi (waya wa ardhini) ya kueleweka. Hamieni soketi nyingine, vyombo vyote vitoke kwenye mkondo mmoja, laptopu itumie betri wakati wa kurekodi. Msikate waya wa athi ili mvumo uishe. Watu hupigwa shoti kupitia nyuzi za gitaa na midomo kwenye maikrofoni. Jioni umeme ukiwa mdogo, stebilaiza iwepo, na hifadhini kazi kila baada ya wimbo, maana ukikatika haupigi hodi.

Magitaa: punguzeni distoshen (mkwaruzo wa sauti) kuliko ya jukwaani. Kila gitaa la rifu lirekodiwe mara mbili kamili, moja liende kushoto, jingine kulia. Kunakili rekodi moja na kuiweka pande zote mbili hakuleti upana wowote. Pamoja na sauti yenye distoshen, rekodi pia sauti kavu ya gitaa moja kwa moja kutoka kwenye waya. Fundi wa kuchanganya ataweza kuipitisha kwenye ampi (kikuza sauti) nyingine baadaye. Besi irekodiwe vilevile, safi na chafu. Uzito mnaousikia kwenye albamu mnazozipenda, nusu yake ni besi, ingawa wapiga gitaa hawapendi kuambiwa.

6. Kuchanganya na kumalizia

Mpeni kazi mtu aliyewahi kuchanganya roki, hata kama yuko Nairobi au Gaborone. Faili zinatumwa kwa intaneti. Kenya imekuwa na bendi za metali kwa miaka mingi, na Botswana imewapeleka bendi ya Overthrust hadi tamasha la Wacken, Ujerumani, mwaka 2016. Mafundi wanaoelewa sauti hii wapo karibu kuliko mnavyodhani.

Mnapokagua, sikilizeni kwenye sabufa ya nyumbani, kwenye gari, na kwenye earphone za bei ndogo. Sabufa zetu huvimbisha besi, kwa hiyo kama besi ya mguu na gitaa la besi vinagombana pale, mwambieni fundi akate sehemu ya chini ya magitaa, kuanzia Hz 80 hadi 100 kushuka, nafasi ipatikane.

Msidai kelele kupita kiasi mwishoni. Spotify husawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo kiitwacho LUFS, kwenye -14, hivyo wimbo uliobanwa hadi ukakosa pumzi utashushwa tu, ubaki bapa na mdogo mbele ya wengine. Kilele kisizidi desibeli -1.

7. COSOTA, BASATA

Hakimiliki yenu inaanza kazi ikishatungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 haiwadai usajili ili mlindwe. Sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hata hivyo, kwa sababu siku ya ubishi cheti ni ushahidi. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ndiyo inayosajili wasanii na kutoa vibali vya maonyesho, na ina mamlaka ya kufungia kazi inayoona inakiuka maadili. Jisajilini kama kikundi mapema, si wiki ya shoo.

Kitu kimoja kwa wanaonguruma: ofisa hataelewa hata neno moja akisikiliza. Chapeni mashairi yote vizuri na mwende nayo. Mtu asiyesikia neno hudhani baya zaidi. Akisoma kwamba wimbo unahusu winchi za bandari na foleni ya Mandela, mazungumzo yanabadilika.

8. Jalada na kupandisha mtandaoni

Picha ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Mafuvu na mbuzi wenye pembe wamechoka duniani kote, na hapa kwetu mtaitwa Freemason kabla hamjapiga noti ya kwanza. Mna popo wanaotoka jioni, mna mabati yenye kutu, mna mto Msimbazi ukifurika Jangwani. Mchoraji wa hapa atapata kitu kizito zaidi kwenye hayo.

Chagueni msambazaji wa mtandaoni, DistroKid, TuneCore au mwingine, na kabla ya kulipia mwulizeni pesa mtatolewaje hadi Tanzania. Pandisheni wiki nne kabla ya kutoka. Ijumaa ndiyo siku ya kutoa muziki duniani tangu Julai 2015. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, inataka mpendekeze wimbo mmoja kwa wahariri wake angalau siku saba kabla. Msipofanya hivyo nafasi imepita. Jueni pia kwamba tangu 2024 wimbo usiochezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote huko. Ndiyo maana sitaki bendi iweke matumaini yake kwenye mapato ya kusikilizwa mtandaoni. Boomplay na YouTube ni kwa ajili ya watu wa hapa kuwafikia.

Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ndiyo ya wanunuzi wa nje. Shabiki wa metali bado hununua albamu nzima. Malipo hupita PayPal, hivyo hakikisheni akaunti mtakayoiweka inaweza kupokea pesa, si kutuma tu. Kisha jiandikisheni Encyclopaedia Metallum, orodha ya bendi za metali iliyoanza 2002 na kupangwa kwa nchi. Watu huko hufungua ukurasa wa Tanzania kwa udadisi tu, na bendi zilizomo si nyingi.

Katika taarifa kwa waandishi, msijiite bendi ya kwanza ya roki Tanzania. Sunburst walianza Dar mwaka 1970 na albamu yao Ave Africa ikatoka 1976, ikiwa na gitaa chafu la kutosha. Na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kuzaliwa Zanzibar mwaka 1946 hakuna uhusiano na albamu yenu. Mwacheni apumzike.

9. Uzinduzi

Epukeni Ramadhani, na epukeni masika, Machi hadi Mei, kama ukumbi hauna paa. Kumbi za kuulizia ni zile zilizozoea muziki usio wa kawaida: Nafasi Art Space pale Mikocheni, Alliance Française na Goethe-Institut za Upanga. Baa yenye jukwaa inawezekana, ila mwenye baa ajue mapema ni muziki gani. Msimwambie "live band" akategemea rhumba.

Kibali kinapita kwa ofisa utamaduni wa manispaa na polisi wa eneo. Nenda pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, umsalimie, umwambie saa ya kuanza na ya kufunga. Malalamiko ya kelele yanaweza kuwafikia NEMC, baraza la mazingira, na mwenyekiti aliyeambiwa atawatetea. Anzeni saa 11 jioni, malizeni saa 4 usiku. Watu wa Mbagala na Kimara wana mwendo wa kurudi, na wakijua watapata usafiri watakuja.

Vyombo vipakiwe kwenye kirikuu, dramu zikiwa zimefunguliwa na kuviringishwa kwenye mablanketi, na mtu mmoja akae nyuma navyo. Fundi mitambo wa kukodi asikilizishwe albamu siku moja kabla, vinginevyo ataipandisha sauti ya mwimbaji na kuyazika magitaa kama alivyozoea kwenye harusi. Mlangoni pawe na lipa namba iliyochapwa kwa herufi kubwa. Chenji hutafutwa hadi wimbo wa tatu. Wekeni vizibo vya masikio mezani, viuzwe kwa bei ya kununulia.

Mezani hapohapo pawe na fulana na flashi. CD hakuna wa kuicheza, lakini magari mengi mjini yana tundu la flashi, na flashi yenye jina la bendi, nyimbo nane na kijitabu cha mashairi ni kitu mtu anachokiweka kwenye gari na kusahau kukitoa. Fulana chapisheni kwa skrini kule Kariakoo, na muombe fundi aoshe moja mbele yenu kabla ya kuchapa zote. Agizeni nyingi za saizi kubwa kuliko za saizi ndogo.

Usiku huohuo kusanyeni namba za simu za walionunua, kwa ridhaa yao. Onyesho la pili lisizidi wiki sita baadaye, hata likiwa dogo, hata likiwa kwenye ua wa mtu Tabata, na hao ndio waambiwe kwanza.